Miezi 14 Nikiwa Mgeni

Mwanangu,

Wengine wanakuita Dada Mshauri, lakini mimi nina miaka 79, niruhusu nikuite mwanangu. Barua hii nimeiandika kwa mkono, na mjukuu wangu ndiye aliyeipiga chapa. Nimemwomba asirekebishe kitu.

Naishi kwenye makao ya wazee, yale ambayo kila mtu ana chumba chake na ufunguo wake, na wahudumu wanakusaidia pale unaposhindwa: kuoga, kupanda ngazi, kumeza dawa kwa wakati. Nilihamia miezi 14 iliyopita baada ya kuanguka mara mbili. Wanangu hawakunitupa, hilo nataka lieleweke. Tulikaa, tukazungumza, nikakubali mwenyewe. Chumba changu ni kizuri, kina dirisha linalopata jua la asubuhi. Wahudumu hawanifokei. Nikilalamika naambiwa nina bahati, na ni kweli ninayo.

Shida yangu ni sherehe.

Hapa kuna sherehe karibu kila wiki. Siku ya kuzaliwa ya huyu, ya yule, sikukuu za dini, mwaka mpya, na tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani. Tunapelekwa ukumbini, tunavishwa kofia za karatasi, viti vyetu vinafungwa maputo, muziki unawekwa kwa sauti ya juu mpaka husikii jirani anasema nini, kisha tunaambiwa tupige makofi. "Bibi, tabasamu!" Picha inapigwa, inatumwa kwenye kundi la simu la ndugu, na jioni wanangu wananipigia wamefurahi: mama, leo tumekuona, umependeza. Ile siku ya Oktoba wageni walihutubu saa nzima kuhusu wazee. Hakuna mzee aliyepewa kipaza sauti.

Nilivumilia mpaka likatokea hili.

Mezani nilikuwa nakaa na mwenzangu mmoja, jina lake sitalitaja. Miezi 11 tulikula pamoja, mara tatu kwa siku. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Tulijuana kwa kukaa tu. Alijua napenda upande wa dirisha, akaniachia. Mimi nilijua mkono wake wa kulia unatetemeka, kwa hiyo nilimfungulia vifuniko bila kuulizwa. Jumanne moja hakuja kifungua kinywa. Nikamuuliza mhudumu, akaniambia, "Anapumzika." Mchana nikauliza tena, nikaambiwa nile, chakula kitapoa. Usiku nikasikia magurudumu yakipita koridoni polepole. Nimezika watu wengi, mwendo ule naujua. Asubuhi mlango wake ulikuwa wazi, kitanda kimetandikwa upya, na jina lake limebanduliwa.

Hakuna aliyesema neno. Alhamisi ikafanyika sherehe ya kuzaliwa ya mkazi mwingine, kwenye meza yetu ileile, na kwenye kiti cha mwenzangu akakalishwa mama mmoja aliyehamia siku hiyohiyo. Kiti kile kikafungwa puto jekundu. Tukaambiwa tupige makofi. Mikono yangu ikagoma.

Tangu siku hiyo, wiki ya saba sasa, siendi ukumbini wala chumba cha chakula. Naomba niletewe chumbani. Mratibu wa shughuli, binti mchangamfu ambaye sina ugomvi naye, amemwambia mwanangu wa kiume kwamba "ninajitenga", kwamba hiyo ni dalili ya sonona na daktari anione. Mwanangu ananibembeleza: mama, nenda hata nusu saa, tukuone kwenye picha ili na sisi tulale. Binti yangu amekasirika kabisa. Anasema nimeanza ukaidi wa uzeeni.

Na mimi si mtu wa kuchukia sherehe. Nilikuwa fundi cherehani miaka 41. Nimeshona nguo za maharusi, za watoto wanaopewa majina, za wahitimu, hata za kuzikia. Siku yenyewe ya shughuli mimi nilikuwa chumba cha nyuma na pini mdomoni, narekebisha pindo dakika ya mwisho, na huko nje nasikia shangwe zinalipuka bibi harusi anapotokeza. Shangwe zile nilizihesabu kuwa ni zangu pia. Hizi za hapa hazinifikii.

Niambie ukweli. Mimi ni mgonjwa, au nina haki? Na je, nirudi kupiga makofi ili wanangu walale?

Mama Fundi

---

Shikamoo, mama, na pole kwa kufiwa.

Naanza na pole kwa sababu, kwa jinsi ulivyoeleza, wiki saba zinakatika na hakuna aliyekupa. Milo mitatu kwa siku kwa miezi 11 ni karibu milo 1,000. Wapo ndugu wa tumbo moja ambao tangu wawe watu wazima hawajala pamoja mara hizo. Halafu jina likabanduliwa mlangoni, na wewe ukaambiwa chakula kitapoa.

Umeuliza kama u mgonjwa. Mimi si daktari, na barua haiwezi kumpima mtu, lakini kuna jambo naweza kukueleza. Majonzi na sonona hufanana sura. Majonzi huja kama mawimbi: yanapanda ukikiona kile kiti, yanashuka mjukuu akija, na katikati mtu anaweza hata kucheka. Sonona hukaa. Hukaa mchana kutwa, karibu kila siku, wiki mbili na zaidi, na hukufuata mpaka kwenye vile ulivyovipenda, kwenye usingizi, kwenye hamu ya kula, kwenye nguvu ya kuinuka kitandani. Barua yako ina hasira, ina kumbukumbu, ina jua la asubuhi dirishani. Aliyeandika barua hii hajazimika.

Hata hivyo nakuomba ukubali kuonana na daktari, na usiende kama mtuhumiwa. Kwa watu wa umri wako kuna dodoso fupi linalotumika sana, maswali 15 ya kujibu ndiyo au hapana, linakwisha kabla chai haijapoa. Mwombe aangalie pia dawa unazomeza, tezi ya shingo na kiwango cha vitamini B12, maana hivyo vikienda kombo humfanya mtu aonekane ana sonona hata kama chanzo ni kingine. Na ukiingia tu, kabla hajauliza lolote, mwambie mwenyewe: nimefiwa na mwenzangu wa mezani. Nina hofu kwamba neno hilo halimo kwenye faili lako. Lisipokuwemo, kila utakalofanya litasomwa kama dalili. Na ikitokea usiku mmoja ukajiona huna tena sababu ya kuishi, usisubiri miadi. Bonyeza kengele saa hiyohiyo, umwambie anayekuja.

Sasa nije kwenye ule ukimya, maana ndio uliokuumiza kuliko puto.

Makao mengi hunyamazia vifo kwa nia njema. Wanaogopa kuwatisha wakazi wengine, na wana wajibu wa kutunza siri za mgonjwa. Lakini wakazi wanajua. Wamesikia magurudumu. Mtu anapoona jirani yake amefutwa usiku mmoja kama maandishi ubaoni, hupiga hesabu ya siku yake mwenyewe, na hesabu hiyo ndiyo inayotisha. Zipo nyumba zilizochagua njia nyingine. Asubuhi kifo hutangazwa kwa upole kwenye kifungua kinywa. Picha na ua moja huwekwa pale marehemu alipozoea kukaa. Mwili hutoka mchana kwa mlango wa mbele, mlango uleule alioingilia, wakazi na wahudumu wakiwa wamesimama pande mbili za korido. Ugonjwa hautajwi, na familia huombwa ruhusa kwanza. Hayo hayahitaji fedha wala wafanyakazi wa ziada.

Sitaki umhukumu sana yule mhudumu aliyekuambia "anapumzika". Huenda yeye ndiye aliyekuwa akimwosha mwenzako kila asubuhi, akamfunga macho, kisha akaingia chumba cha chakula na sinia mkononi bila kuambiwa na mkubwa wake nini cha kusema. Wahudumu nao hufiwa kazini, na wao pia hakuna anayewapa pole. Ukitaka kujua kama nakisia vibaya, mtafute wakati ametulia, umwambie, "Nadhani na wewe ulimpenda." Usiongeze neno. Subiri uone.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani methali hiyo inamfukuza mgeni. Mimi naisikia vingine: mtu akikaa bila jembe, hata akilishwa vizuri kiasi gani, bado hajawa wa nyumba hiyo. Wewe mama umekaa miezi 14 na hakuna aliyekupa jembe. Umepewa kofia ya karatasi.

Umelieleza jambo hili vizuri kuliko ninavyoweza mimi, pale uliposema ulikuwa chumba cha nyuma na pini mdomoni na shangwe ukazihesabu zako. Miaka 41 ulikuwa mwenye shughuli. Sasa kila wiki unaalikwa kwenye shughuli ambayo mkono wako haumo, na unatakiwa ulipe kiingilio kwa tabasamu. Hilo si ukaidi wa uzeeni, na binti yako naomba alisome hili mara mbili.

Watu wa sayansi wameligusa. Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha utafiti walioufanya kwenye makao ya wazee huko Connecticut. Wakazi wa ghorofa moja waliambiwa kwamba maisha yao pale yako mikononi mwao: wapange vyumba wapendavyo, wachague usiku wa kutazama filamu, na wakapewa mmea wa kuutunza wenyewe. Wakazi wa ghorofa nyingine waliambiwa, kwa upole uleule, kwamba wahudumu watawashughulikia. Nao walipewa mimea, ila waliomwagilia ni wahudumu. Baada ya wiki tatu wale wa kundi la kwanza walikuwa wachangamfu zaidi, wanatembeleana zaidi, na walipofuatiliwa miezi 18 baadaye bado walikuwa na afadhali. Wazee wenyewe hawakufika hata 100, kwa hiyo sitautwisha utafiti ule mzigo usiouweza. Kinachonigusa ni kwamba mmea ulikuwepo kote kuwili. Tofauti ilikuwa nani anashika kopo la maji.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1991, daktari kijana aitwaye Bill Thomas alianza kazi kwenye makao ya Chase Memorial, mji mdogo wa New Berlin katika jimbo la New York. Alisema wakazi wanauawa na mapigo matatu ambayo hayana dawa kabatini: upweke, kuchoshwa na siku zisizo na jipya, na kujiona huwezi kitu. Akaleta mbwa wawili, paka wanne, mimea vyumba vyote, na ndege wapatao 100. Ndege walifika kabla vizimba havijaungwa, nyumba nzima ikawa fujo. Kilichofuata ndicho ninachotaka ukisikie. Wakazi waliokuwa wamejikunyata siku zote, wengine hata hawatembei, walianza kuja kwenye meza ya wauguzi kusema: mbwa nitamtembeza mimi. Pigo la tatu hutibiwa kwa kumpa mtu kitu au kiumbe kinachomhitaji.

Kwa hiyo swali lako la mwisho nalibadilisha. Badala ya kuuliza urudi kupiga makofi au usirudi, mwendee mratibu wa shughuli umuulize: sherehe ijayo, kazi yangu ni ipi? Mwendee asubuhi, ofisini kwake, mkiwa wawili, wakati hana maputo mkononi. Mwambie kuhusu mwenzako, maana naona katika barua yako hukumwambia. Yeye aliona mkono uliogoma kupiga makofi, hakukiona kiti. Ni binti mchangamfu mwenye wakazi wengi na saa chache, na bila shaka wakubwa wake humhesabia picha na idadi ya waliofika. Mpe sababu ya kufanya vingine.

Jembe lako liko wapi? Mimi naliona kwenye vifuniko ulivyomfungulia mwenzako. Uliuona mkono unaotetemeka bila kuambiwa, jicho la fundi hilo. Hapo mlipo wapo watu kadhaa ambao kila asubuhi wanavishwa kama watoto kwa sababu ya vifungo vidogo tu. Kifungo kikibadilishwa kikawekwa utepe unaoshikana wenyewe, na kile kifungo kikashonwa juu yake kwa mapambo, mtu anavaa shati lake bila msaada na hakuna anayegundua. Mwenye upande mmoja uliopooza hupata shida na mkono wa nguo. Ukipasua mshono wa ubavuni ukaweka mlango wa kufunga, nguo inaingia bila kuvuta bega. Haya wewe unayajua kuliko mimi. Omba meza moja, taa nzuri, na siku moja ya wiki inayojulikana. Cherehani ya umeme wakikukatalia kwa kuhofia usalama, sindano na subana vinatosha kuanzia. Macho yakichoka, yupo mkazi atakayekutungia uzi, na huyo naye atakuwa amepata jembe.

Kisha fikiria kitambaa cha meza. Kikubwa, cha rangi moja, kinachotandikwa kila sherehe. Kila mkazi anayefariki, jina lake litariziwe hapo kwa uzi, familia yake ikiridhia, na kazi hiyo ifanywe na waliokula naye. Anza na mwenzako. Siku ya kuzaliwa ya mwingine ikifika, kitambaa kinatandikwa, watu wanakula juu yake, majina yapo, na hakuna atakayelazimika kuchagua kati ya kumlilia huyu na kumshangilia yule. Wewe ulishona nguo za harusi na za kuzikia kwenye cherehani ileile, kwa hiyo haliwezi kuwa geni kwako.

Kuhusu kelele, usiivumilie kwa adabu. Masikio yakizeeka, tatizo huwa si sauti kuwa ndogo tu. Sauti nyingi pamoja huchanganyika, na kifaa cha kusaidia kusikia huzikuza zote. Mtu anaonekana hataki kuzungumza kumbe hasikii. Omba muziki upunguzwe watu wanapoongea, ukae ukuta ukiwa mgongoni na mwanga ukiangukia uso wa unayezungumza naye, ili uone midomo yake. Nina hakika nusu ya wenzako watakushukuru kimoyomoyo. Makao yenu kama yana kamati ya wakazi, lipeleke huko pamoja na suala la kutangaza vifo na lile la kipaza sauti cha Oktoba. Siku hiyo iliwekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990 kwa ajili yenu, na wa kuhutubu hamkosi.

Picha. Umesema una chumba na ufunguo. Ufunguo huo uliwahi kuwa jambo la ajabu. Mwaka 1983 huko Portland, Oregon, mwanamke aitwaye Keren Brown Wilson alifungua makazi ya wazee wanaohitaji msaada ambamo kila mtu alikuwa na mlango wa kufunga mwenyewe, samani zake, na uamuzi wa nani aingie. Mama yake aliugua kiharusi akiwa na miaka 55 tu na akaishia kuhamishwa kutoka makao hadi makao. Binti akaapa kutafuta namna nyingine. Watu walimshangaa: itakuwaje mzee dhaifu aachwe na ufunguo? Sura yako nayo ina mlango, mama. Una haki ya kuulizwa kila mara kabla picha haijapigwa, na kuulizwa tena kabla haijatumwa, na kusema leo hapana. Tabasamu la kulazimishwa halimpi mwanao habari zako. Linampa usingizi tu.

Na wanao nina neno nao. Kaka na dada, mama yenu hajakataa kuonekana na ninyi. Njooni siku ya kawaida ambayo haina sherehe, kaeni mle naye kwenye chumba cha chakula, muulizeni huyo rafiki alikuwa mtu wa namna gani. Chagueni siku na mwambieni ni ipi, kisha mshike ahadi hiyo. Mwaka uleule wa 1976 mtafiti Richard Schulz aliandika kuhusu wazee waliotembelewa na wanafunzi. Wale waliopanga wenyewe au kujulishwa lini mgeni atakuja walifaidika kuliko wale ambao mgeni aliwazukia tu. Lakini utafiti ulipokwisha na wanafunzi wakaacha kuja, walewale waliofaidika wakaporomoka. Mara moja kwa mwezi isiyokosekana ni bora kuliko kila wiki mtakayoiacha baada ya mwezi. Wewe binti uliyekasirika, nadhani hasira yako ni woga. Mwambie mama kwamba unaogopa. Atakuelewa haraka kuliko anavyoelewa neno ukaidi.

Nimebakiza jambo ambalo sina hakika utalipenda.

Sinia la chumbani lirudishe. Kwa wiki saba umekosa zile hatua za kwenda na kurudi mara tatu kwa siku, na mtu aliyekwisha kuanguka mara mbili anazihitaji hatua hizo kuliko zoezi lolote. Mtu mzima akila peke yake hula kidogo, mwili unakonda bila yeye kutambua. Hata hivyo, sababu yangu kubwa ni nyingine.

Yule mama aliyekalishwa kwenye kile kiti. Umemtaja kwa mstari mmoja tu, halafu ukamwacha. Alihamia siku hiyohiyo. Huenda asubuhi yake alifunga nyumba aliyoishi miaka mingi, akaingizwa ukumbi uliojaa watu asiowajua, akakalishwa kwenye kiti ambacho hakuambiwa ni cha nani, akafungiwa puto. Akaona mwanamke wa upande wa pili anakunja mikono, anainuka, na harudi tena mezani. Wiki saba huenda anajiuliza amekosa nini. Wiki za kwanza ndizo ngumu kuliko zote kwa anayehamia, wewe mwenyewe unazikumbuka, na nadhani unakumbuka pia kwamba kulikuwa na mtu aliyekuachia upande wa dirisha.

Leo jioni usisubiri kitambaa wala kamati. Shuka ukale. Mwambie kiti anachokalia kilikuwa cha nani, naye alikuwa mtu wa namna gani. Muulize jina lake. Halafu angalia mikono yake, uone kama kuna kifuniko kinachomshinda.

Wako,
Dada Mshauri